Vitu vya watoto vinavyopotea na kusahaulika shuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu, wazazi na kila mtu mzima anayeshinda shuleni na watoto. Nimekuwa mwalimu wa darasa kwa miaka mingi, na msimamo wangu ni huu: kitu kilichookotwa shuleni ni amana ya mtoto. Kazi ya shule ni kukirudisha mikononi mwake mapema, na bila kumwaibisha. Majibu yote hapa chini yanatoka kwenye msimamo huo.

Kwa nini watoto husahau vitu kila siku, hata wale walio makini darasani?

Kwa sababu kumbukumbu si ya aina moja. Kukariri jedwali la kuzidisha ni kazi moja, na kukumbuka kuchukua sweta kengele inapolia ni kazi nyingine kabisa. Hii ya pili inamtaka mtoto akatishe anachokifanya, ajikumbushe mwenyewe bila kuulizwa, kisha atende. Sehemu ya ubongo inayobeba mzigo huo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, huendelea kukomaa mpaka mtu avuke miaka 20. Kwa hiyo mtoto wa miaka 7 anayejua hesabu zote na hajui chupa yake iko wapi hana ajabu yoyote.

Tazama uwanjani wakati wa mapumziko. Jua likichoma, masweta yanavuliwa. Mawili yanakuwa goli la huku, mawili goli la kule, na moja linatundikwa kwenye tawi. Kengele ikilia, mwenye mpira anakimbia nao, wenzake wanamfuata, na hakuna anayegeuka nyuma. Sweta lilishaacha kuwa nguo, limekuwa mlingoti wa goli.

Vitu vingi hupotea hapo hapo kwenye mpito: kutoka uwanjani kwenda darasani, kutoka michezoni kwenda kubadili nguo, kutoka darasani kwenda kwenye basi. Shule inayotaka kupunguza upotevu iweke mtu mzima na neno moja la kukumbusha katika mipito hiyo. Mwalimu wa zamu akisimama uwanjani kengele inapolia na kusema "Masweta!", anaokoa kazi ya wiki nzima ya kutafuta wenye vitu.

Je, mtoto anayepoteza vitu aadhibiwe?

Hapana. Adhabu haikomazi ubongo. Inachofanya ni kumfundisha mtoto kuficha: asiseme kuwa sweta limepotea, asiende kulitafuta kwenye kabati la vitu vilivyookotwa kwa kuwa kwenda kule ni kujisema, na mwisho achukue la mwenzake ili nyumbani wasimgombeze. Nimeliona hilo kwa watoto waliokuwa waaminifu kabisa kabla ya kutishwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule iendane na utu wa mtoto. Kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake mstarini na kunyanyua kaptula yake ya michezo huku shule nzima inacheka hakuendani na utu wake, hata kama nia ilikuwa kumrudishia kitu chake.

Mtoto afanye nini basi? Akitafute mwenyewe, akisaidiwa. Kutembea tena njia aliyopita, kuuliza kwa adabu, kukitambua kitu na kutia alama daftarini ni wajibu wa kutosha, na humfunza.

Kabati au sanduku la vitu vilivyookotwa likae wapi?

Mahali ambapo mtoto anapita akielekea nyumbani, na mzazi anapita akija kumchukua. Likikaa ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, mtoto mdogo hatogonga mlango. Likikaa stoo nyuma ya madawati mabovu, hata walimu watasahau kama lipo.

Sanduku lenye kina nalo lina kasoro yake. Kinachoonekana ni cha juu tu, na vya chini vinakunjamana na kunuka. Kamba iliyofungwa ukutani na vibanio vichache vya nguo inafanya kazi nzuri zaidi: nguo zinaning'inia, mtoto anaiona yake akiwa mbali. Chupa na vyombo vya chakula vikae juu ya rafu iliyo wazi. Pesa, simu, saa, vito na funguo visikae hapo hata kidogo. Hivyo ni vya kabati lenye kufuli, chini ya mtu mmoja anayejulikana.

Nani awe na dhamana ya kazi hii?

Mtu mzima mmoja, na wa pili wa kumshikia akiwa hayupo. Kazi ikiwa ya wote, haifanywi na yeyote. Viranja wanaweza kusaidia kupeleka madarasani vitu vyenye majina, lakini wasishike pesa wala simu.

Wanaosahaulika ni wafanyakazi wa usafi, mlinzi na dereva. Hao ndio wanaookota sana, kwa kuwa wanabaki shuleni watoto wakishaondoka. Waambiwe wazi vitu vipelekwe wapi na kwa nani, na washukuriwe. Mtoto aliyeokota naye ashukuriwe kwa jina akipenda. Kumpa pesa sioni kama ni vizuri, kwa kuwa kesho ataokota hata kitu ambacho hakijaanguka.

Daftari la kumbukumbu liandikwe nini?

Machache: kitu gani, kimeokotwa wapi, tarehe, nani amekileta, kisha nani amekichukua na lini. Kwa vitu vya thamani, wawili watie saini. Pesa zihesabiwe mbele ya aliyezileta.

Jambo moja la kuzingatia: tangazo lisieleze kila kitu. Andika "saa ya mkononi imeokotwa" na uache rangi ya mkanda na mkwaruzo wa kioo. Alama uliyoiacha ndiyo itakayomtambulisha mwenyewe.

Majina yaandikwe wapi kwenye vitu?

Ndani, mahali pasipoguswa sana na msuguano. Kwenye sweta na shati, mahali pazuri ni mshono wa ubavuni kwa ndani, au kitambulisho cha nguo shingoni. Kwenye kiatu ni chini ya ulimi. Kwenye chupa ni kitakoni, na kifuniko kiandikwe pia, maana vifuniko huhama kutoka chupa hadi chupa. Kalamu ya wino usiofutika inatosha, lakini wino hufifia kwa kufuliwa, kwa hiyo jina lipitiwe upya kila muhula. Jina la kushonwa kwa uzi hudumu kuliko wino.

Jina lisiwekwe kubwa nje ya begi au mgongoni mwa jezi. Mtu asiyemjua mtoto akimwita kwa jina lake njiani, mtoto mdogo hudhani anamfahamu. Jina na darasa vikae ndani ya begi, na namba ya simu ya mzazi iwe kwenye mfuko wa ndani.

Wazazi wenye watoto wanaorithishana sare wakumbuke kubadilisha jina. Walimu tumeshatafuta sana mwenye sweta ambaye alimaliza shule zamani, kumbe linavaliwa na mdogo wake wa darasa la pili.

Mtoto ambaye bado hajui kusoma apewe alama yake: samaki, nyota, au uzi wa rangi fulani kwenye zipu. Ataitambua kabla hajazijua herufi.

Watoto wawili wanadai kitu kimoja. Tufanyeje?

Kitu kiwekwe mbali na macho yao kwanza. Kisha kila mmoja aulizwe peke yake: kina alama gani, ulikitumia wapi mara ya mwisho, ndani kuna nini? Usimwulize "Je, kina mkwaruzo?", maana atajibu ndiyo. Mwache aeleze mwenyewe.

Chukua chupa mbili za buluu zilizotoka duka moja. Mtoto wa kwanza anasema yake ni ya buluu na ina mfuniko. Wa pili anasema yake imetafunwa kwenye mdomo upande mmoja, na ina kibandiko alichokibandua nusu. Hapo hakuna haja ya kesi. Na huyo wa kwanza si mwongo. Yake iko mahali pengine, asaidiwe kuitafuta.

Ikishindikana, wazazi wa pande zote mbili waulizwe. Watoto wasiapishwe, na kitu kisigawanywe kwa kupiga kura ya darasa. Kura huangukia kwa mwenye marafiki wengi.

Ni vitu gani visingoje hata saa moja?

Miwani, vifaa vya kusaidia kusikia, pampu ya pumu, dawa yoyote, funguo za nyumba na fimbo au kifaa cha kutembelea. Hivi haviendi kwenye rafu ya chupa. Akiokota mtoto, ampelekee mtu mzima wa karibu, na mtu mzima huyo aache anachofanya.

Pampu ya pumu ni ya kwanza kabisa. Mtoto akibanwa kifua hana muda wa kungoja mapumziko yaishe ndipo itafutwe. Wazazi wanaoweza waache pampu ya akiba shuleni yenye jina la mtoto, na shule ijue inakaa wapi na muda wake wa matumizi unaisha lini. Dawa iliyookotwa bila jina isipewe mtoto yeyote kwa kukisia. Ifungiwe mahali watoto hawafiki mpaka mwenyewe apatikane.

Mtoto asiye na miwani yake huonekana mzembe: haandiki, anachungulia daftari la jirani, anapiga kelele. Mwalimu akiona hivyo aulize kwanza miwani iko wapi.

Betri ndogo bapa za mviringo, zile za saa, vikokotoo na vitu vya kuchezea, ziondolewe mikononi mwa watoto zinapookotwa. Betri ya namna hiyo ikimezwa na kukwama kwenye umio inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2 tu. Mtoto anayedhaniwa kumeza apelekwe hospitali hapo hapo. Msingoje dalili.

Simu ya mwanafunzi imeokotwa. Tuifungue kujua ni ya nani?

Hapana. Kifungu cha 16 cha mkataba ule ule kinalinda faragha ya mtoto, na meseji zake ni sehemu ya faragha hiyo. Iache imewashwa na ungoje ipigiwe, maana mzazi ataipigia mapema kuliko mnavyodhani. Unaweza pia kuangalia kama kwenye kioo kilichofungwa kuna namba ya dharura.

Njia nzuri inaanza kabla simu haijapotea. Kila simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, inayoonekana ukibonyeza *#06#. Mzazi aiandike na kuihifadhi nyumbani. Siku ya kudai, namba hiyo inamaliza ubishi.

Kimepotea au kimeibiwa? Tupekue mabegi?

Anza na kutafuta, usianze na kutuhumu. Mara nyingi kitu kiko chini ya dawati la mwenyewe, au kimebebwa na mwenzake aliyedhani ni chake kwa kuwa sare ni zile zile. Ukishasema neno "mwizi" darasani hulirudishi, hata kitu kikionekana jioni ile ile kwenye begi la mama aliyekibeba bila kujua. Na watoto watalichagulia mtu: mara nyingi yule wa familia isiyo na kitu, au mgeni aliyehamia juzi.

Njia ninayoiamini ni kuacha mlango wa kurudia. Mwalimu atangaze kwa utulivu kwamba kitu fulani hakionekani, kila mtu aangalie begi lake kama hakukichukua kwa bahati mbaya, na anayekipata akiweke kwenye rafu ya vitu vilivyookotwa kabla ya kesho saa za kwenda nyumbani. Hakuna atakayeulizwa. Vitu vingi hurudi hivyo. Wapo watakaosema huko ni kumlea mwizi. Mimi nasema mtoto aliyerudisha kitu kwa mkono wake amejifunza kurudisha, na aliyeumbuliwa mbele ya wenzake amejifunza kuwa mwangalifu zaidi mara nyingine.

Kupekua mwili wa mtoto si kazi ya mwalimu. Kupekua begi kufanyike tu pale sheria za nchi na kanuni za shule zinaporuhusu, kwa sababu ya maana, faraghani, mtoto akiwepo, watu wazima wakiwa wawili, na mzazi ajulishwe siku hiyo. Darasa zima lisipekuliwe kwa ajili ya rula.

Vitu vidogo vikipotea mfululizo, tafuta kama kuna mtoto asiye navyo. Kopo la penseli za wote juu ya meza ya mwalimu limetuliza madarasa mengi.

Mtoto amesahau kitu nyumbani. Mzazi akilete?

Inategemea ni kitu gani. Dawa, miwani na pampu: ndiyo, mara moja. Chakula: mtoto asishinde na njaa kwa ajili ya somo la uwajibikaji. Kama mzazi hawezi kufika, shule iwe na mpango wake.

Daftari la kazi ya nyumbani ni jambo lingine. Kwa mtoto mkubwa, aseme mwenyewe kwa mwalimu na alilete kesho. Mzazi anayekimbizana na daftari kila wiki anamnyima nafasi ya kujipangia. Lakini mwalimu naye afanye sehemu yake: asimchape, asimnyime mapumziko. Kwa mtoto wa madarasa ya chini, kusahau daftari ni kosa la mtu mzima aliyefunga begi, basi mtoto asibebeshwe.

Kinacholetwa kiachwe mapokezi. Kugonga mlango wa darasa kwa ajili ya chupa ya maji kunakatiza watoto wote.

Mtoto wangu hupoteza vitu kila wiki. Nimsaidieje?

Punguza vitu. Mtoto mwenye mkebe wa penseli 24 za rangi atazipoteza. Mwenye penseli mbili na kichongeo anajua akikosa kimoja. Kisha mpe mpango wenye "nikifanya hivi, nitafanya vile". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 jinsi mipango ya namna hiyo inavyowasaidia watu kutimiza nia zao, kwa sababu tukio lenyewe ndilo linalokumbusha. "Uwe makini" halimwambii mtoto afanye nini wala lini. "Nikifunga zipu ya begi, ninainama kuangalia chini ya dawati" linamwambia. Chagueni pamoja, aliseme kwa mdomo wake, mlifanyie mazoezi nyumbani kwa begi halisi.

Kupoteza vitu mara kwa mara ni mojawapo ya dalili zinazoangaliwa na wataalamu wanapochunguza tatizo la umakini na utulivu kwa watoto. Dalili moja peke yake haitoshi. Lakini ikiambatana na kutomaliza kazi, kutofuata maelekezo na kusahausahau nyumbani na shuleni kote, kwa miezi, zungumza na mwalimu na mtaalamu wa afya. Mtoto huyo anahitaji msaada, na makaripio yameshamtosha.

Nguo, kofia na vyombo vya chakula vilivyookotwa ni salama?

Chakula kitupwe siku hiyo hiyo, chombo kioshwe. Nguo mbichi zianikwe kabla hazijakunjwa. Kofia na vitambaa vya kichwa visijaribiwe na watoto. Chawa wa kichwani huambukiza zaidi kichwa kinapogusana na kichwa, na wakitoka kichwani hawaishi zaidi ya siku 2 hivi, lakini hakuna sababu ya kubahatisha. Zifuliwe kwa maji ya moto. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki 2.

Tutume picha za vitu kwenye kundi la wazazi?

Ndiyo, picha za vitu. Zisiwe na sura za watoto, majina wala maneno kama "haya ni ya nani mzembe". Picha moja ya rafu nzima kila Ijumaa yatosha. Zikizidi, hakuna anayezifungua.

Vitu vikae muda gani, na visipochukuliwa viende wapi?

Ninapendekeza mpaka mwisho wa muhula, na wazazi waarifiwe wiki 2 kabla. Siku ya wazazi, kamba yenye nguo ihamishiwe kabisa penye mlango wa kuingilia. Chenye jina kisitolewe kabla mwenyewe hajapigiwa simu. Pesa nyingi, vito na simu vifuate sheria ya nchi kuhusu mali iliyookotwa.

Sare zilizobaki wapewe watoto wanaozihitaji, lakini kimya kimya. Jina lifumuliwe, nguo ifuliwe na kupigwa pasi, na mzazi aitwe kuichukua faraghani. Hakuna linaloumiza kama mtoto kuambiwa uwanjani, "Hilo lilikuwa sweta langu."

Shule inatakiwa kulipa kilichopotea?

Kanuni iandikwe na isomwe na wazazi mwanzoni mwa mwaka, si siku ya ugomvi. Kwa maoni yangu, mtoto akija na kito cha dhahabu ambacho shule ilikataza, dhamana ni ya nyumbani. Lakini mwalimu akichukua simu ya mtoto na kuiweka mezani kwake, ameipokea. Ikipotea hapo, shule isijifiche nyuma ya bango la "hatuhusiki".

Na kwenye basi la shule?

Kila safari ikiisha, dereva au msaidizi wake atembee mpaka kiti cha mwisho, akiinama kuangalia chini ya kila kiti. Asichungulie kwa kioo. Vitu atakavyovikuta vipelekwe shuleni kesho yake asubuhi, visibaki kwenye basi wiki nzima. Matembezi hayo hayo ndiyo yanayohakikisha kwamba hakuna mtoto aliyesinzia na kuachwa ndani, jambo linaloweza kumuua kwenye gari lililofungwa juani. Kwa sababu hiyo hayarukwi hata siku moja, hata watoto wakiwa watatu tu.

Mtoto amehama shule na vitu vyake vimebaki. Je?

Mwalimu wa darasa apitie dawati, kabati na rafu siku ya mwisho mtoto akiwa bado yupo. Kinachoonekana baadaye kifungwe kwenye mfuko wenye jina lake, mzazi apigiwe, na mfuko ungoje ofisini. Michoro na madaftari yake viwekwe humo pia, visitupwe kwa kuonekana havina thamani.